Nilimwambia Aonje Mbele ya Watu

Nimekosa. Naanza hapo hapo, kwa sababu nikianza mahali pengine nitajitetea, na najijua, nikianza kujitetea simalizi.

Jina langu sitaandika. Niiteni fundi, ndivyo mtaa mzima hapa Pasua unavyoniita. Nashona sare za shule na magauni ya sherehe. Cherehani yangu iko kibarazani, inatazama barabara, na kwa miaka yote niliyoshonea hapo kazi yangu ya pili, niseme tu ukweli, ilikuwa kuangalia nani anapita, anakwenda wapi, na amevaa nini.

Ng'ambo ya barabara kuna nyumba yenye mlango wa bluu. Mwaka juzi ilipangwa na mama mmoja mjane kutoka Machame, mtu mzima, mpole, kitambaa kichwani muda wote. Jina lake halisi naliacha, nitamwita Mama Aika. Akaleta mapipa, akaleta mikungu ya ndizi na magunia ya ulezi, na baada ya siku chache harufu ya ndizi zinazochemka ikajaa mtaani. Tukajua, haya, tumepata kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi.

Lakini kilabu gani hicho! Hakikuwa na kibao wala redio. Kilifunguliwa saa kumi jioni, na adhana ya magharibi ikilia mlango ulikuwa umeshafungwa, wakati ambao vilabu vingine ndiyo kwanza vinachangamka.

Na cha ajabu kuliko vyote, mgeni alikuwa hauziwi! Nimeona kwa macho yangu, mtu ametoka kazini amechoka, anasimama mlangoni, "Shikamoo mama, mbege ipo?" Naye anajibu kwa upole, "Marahaba baba yangu, imekwisha." Imekwisha! Na ndani wamekaa wanaume na kata zao mkononi, wanakunywa! Kesho yake tena, imekwisha. Wanaoingia ni wale wale, na wakitoka wanatembea wameshika mstari, wanaagana kwa mkono kama watu waliotoka ibadani.

Pombe isiyomyumbisha mtu ni pombe gani? Mtaa ukaanza kusema. Wengine walisema yale magunia ya ulezi yanatoka Holili, mpakani, na ndani yake kuna magendo. Wengine walisema wanaume wale wanalishwa dawa ili wapumbae. Mimi mwanzoni nilikuwa nacheka tu na kukata vitambaa vyangu.

Jirani yangu Bi Zuhura, anayekaanga bagia pembeni ya kibaraza changu, aliniambia siku moja, "Fundi, wewe kila siku unaisema hiyo baa. Si uvuke ukamuulize mwenyewe?"

"Nivuke niseme nini, Bi Zuhura?"

"Useme hodi."

Nikamwambia mimi mtu wa kanisa, sikanyagi kilabuni. Akageuza bagia zake.

Sasa niwaambie habari ya baba watoto wangu, maana ndiyo kiini chenyewe.

Ni seremala, mzuri sana wa mikono. Lakini alikuwa anakunywa. Siku ya kipaimara cha binti yetu mkubwa alifika ukumbini akiwa hajitambui, akatafuta kiti, akakalia keki! Keki ya mtoto! Binti yangu alilia hadi shela ikalowa, na mpaka leo picha za siku ile hatuzifungui.

Basi nikafunga novena, sala za siku tisa. Nikamaliza moja, nikaanza nyingine. Na kweli jamani, taratibu akaanza kubadilika. Akawa anarudi mapema, macho meupe, anawauliza watoto habari za shule. Krismasi tulipopanda kwetu Kibosho, alikaa na wazee wa ukoo siku nzima na jioni akashuka mgombani kwa miguu yake, amenibebea mkungu. Nililia kwa furaha.

Niliporudi nikatoa ushuhuda kwenye jumuiya yetu ya kanisa. Nilisimama nikasema, mume wangu ameacha pombe kwa sala zangu. Wakapiga vigelegele! Wanawake watatu wakaniomba niwaandikie ile sala, nami nikawaandikia kwa mwandiko mzuri. Nilijisikia mtu. Nisingependa kuficha hilo, nilijisikia mtu mkubwa sana.

Wiki chache baadaye nilikuwa napeleka gauni kwa mteja nyuma ya nyumba ile ya mlango wa bluu. Ukuta wa uani ni wa mabati, na mabati mawili yameachana. Nikachungulia. Nani asingechungulia?

Nikamwona baba watoto wangu, kumbe alikuwa anaingilia mlango wa uani nisimwone. Amekaa kwenye benchi, ameshika kata kwa mikono miwili, anacheka.

Mae! Nikarudi kibarazani na gauni la watu mkononi, sikulifikisha.

Jioni akarudi. Nikamnusa shati akiwa bafuni, halikunuka kitu. Nikasema moyoni, hiyo ni dawa ya huyo mama, hata harufu inafichwa! Mwanamke mwenye akili angemuuliza mumewe. Mimi sikumuuliza. Niliogopa angenijibu, "Ndiyo, nakunywa," na hapo ushuhuda wangu ungekuwa umekwenda na maji. Ningeziweka wapi sura za wale wanawake watatu? Niliona afadhali baa ife kuliko ushuhuda wangu kufa. Ndivyo nilivyofikiri.

Basi nikaanza kazi. Fundi cherehani ana silaha moja ambayo watu hawaijui, nayo ni futi ya kupimia. Mtu akishasimama mbele yako ameinua mikono unampima kifua, hana pa kukimbilia, atakusikiliza tu. Kila aliyekuja kupimwa aliondoka na habari za Mama Aika. Mwanzoni nilisema niliyoyaona. Kisha nikaona hayatoshi, nikaongeza chumvi. Nikasema nilichungulia kwenye mabati nikamwona akitumbukiza kitu cheusi ndani ya pipa, kimefungwa kwenye kitambaa.

Sikuona kitu. Mbele ya Mungu, sikuona kitu cheusi wala cheupe!

Ule uongo ulinirudia siku ya tatu ukiwa umenenepa. Mteja ananiambia, "Fundi, umesikia? Wanasema ni mfupa." Nami nikashtuka, nikashika mdomo, kana kwamba nasikia kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, Jumapili mchana, pale uwanjani. Watu walijaa. Mama Aika akaja peke yake, amevaa khanga safi, akakaa mbele. Wateja wake walisimama nyuma kabisa, wametazama chini, na baba watoto wangu akiwa katikati yao. Ndoo ya pombe yenyewe ikaletwa kutoka kwake, ikawekwa mezani pamoja na kata.

Mwenyekiti akauliza nani ana la kusema. Watu wakanigeukia mimi.

Nikasimama. Sauti yangu siku ile ilikuwa kubwa, hata sijui niliitoa wapi. Nikasema, "Mwenyekiti, sisi wa mlimani tuna desturi yetu. Mwenye pombe huonja kwanza, ndipo akupe wewe, ujue ni salama. Huyu mama sisi hatujamwona akionja. Na aonje hapa, mbele ya watu. Kisha kata izunguke tuonje sote, kuanzia mimi!"

Wakapiga makofi. "Aonje! Aonje!"

Mama Aika akasimama. Akachota, akainua kata hadi karibu na mdomo. Kisha akatazama nyuma, kule waliposimama wale wanaume. Akawatazama mmoja mmoja, hakuna aliyeinua uso. Nilidhani anatafuta wa kumwokoa.

Akashusha kata. Akaimwaga chini, taratibu. Akainua na ndoo, akaimwaga yote.

"Kilabu nafunga leo," akasema. "Msihangaike."

Basi! Kwetu kukataa kuonja pombe yako mwenyewe ni sawa na kukiri. Watu walipiga yowe. Vijana wakakimbilia kwenye mlango wa bluu, wakatoa mapipa, wakayapindua mtaroni. Mmoja akamwita mama yule mchawi, na umri ule! Yeye alisimama pembeni na mfuko wake wa nguo. Kabla ya magharibi alikuwa ameshaondoka.

Bi Zuhura alikuwa ameinama mtaroni. "Fundi," akaniita, "mimi sinywi, sijui mambo yenu. Lakini mbona hainuki pombe?"

Nikamwambia Bi Zuhura achana na vitu vya kishirikina, utajitia nuksi. Nikaenda zangu nyumbani nimeinua kichwa. Usiku huo nililala vizuri, Mungu anisamehe.

Baba watoto wangu alibadilika tangu siku ile. Alikuwa anakula kidogo na kutazama meza. Nikasema moyoni dawa zinamtoka, atakaa sawa. Haikufika mwezi, nikakuta kichupa cha pombe kali kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Kisha viwili. Akaanza kurudi anashika ukuta. Watoto wakaanza tena kujifungia chumbani wakisikia geti, na mimi nikaanza novena nyingine.

Siku moja asubuhi wakanifuata mbio kutoka karakana. Alikuwa amekunywa kabla ya kazi, akawasha msumeno wa mashine. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikwenda! Mkono wa seremala, jamani, mkono uliotengeneza vitanda vya nusu ya mtaa huu!

Nilikaa naye hospitali. Siku ya pili, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, akaniambia bila kunitazama:

"Mama, ile haikuwa pombe."

"Ipi?"

"Ya Mama Aika. Ilikuwa maji ya ndizi na ulezi tu, hayajachacha. Hakutia msesewe hata siku moja."

Msesewe ni lile gome chungu linaloipa mbege ukali wake. Bila gome hilo, na kama hujaiacha ikae, unakunywa kitu kitamu tu, hata mtoto anakunywa.

Akanieleza yote, polepole. Mwanamume wa kwetu akitaka kuacha pombe, shida yake kubwa si kiu. Shida ni kukaa na wenzake mikono mitupu. Msibani, kwenye ukoo, kwenye kikao cha mahari, kata inazunguka, wewe ukiikataa wanakuuliza una nini, umeokoka? Mke amekukataza? Mama Aika alimzika mume aliyejaribu kuacha mara tano, na kila mara alirudishwa na maneno ya namna hiyo. Ndiyo maana akafungua mahali panapofanana na kilabu kwa kila kitu. Mwanamume anaaga wenzake, "Naenda kupata moja kwa Mama Aika," hakuna anayemcheka. Anakaa na kata yake mkononi, anaongea, jioni inapita, anarudi nyumbani mzima. Hata ile Krismasi, alipanda Kibosho na kidumu chake kutoka kwa Mama Aika, na wazee hawakujua.

"Na mgeni?" nikauliza. "Kwa nini alikuwa anamwambia imekwisha?"

"Mgeni angeonja angejua. Angetutangaza."

Hapo ndipo nilipoelewa ule mkutano. Angeonja, kata ingezunguka, na mimi ndiye niliyesema izunguke! Mtaa mzima ungejua kwamba wale wanaume kumi, pamoja na wangu, wanakunywa uji wa ndizi na kujifanya ni mbege. Aliwatazama kuwauliza. Hawakujibu. Akakubali kuitwa mchawi.

"Na wewe ulikuwa umesimama pale!" nikamwambia. Nilikuwa nimepandwa na hasira, kumbe natafuta wa kugawana naye lawama.

"Nilikuwa nimesimama," akasema. "Nilifungua mdomo. Nikakuona wewe unavyopigiwa makofi, nikaona aibu. Mimi nina kosa langu, mama, silikatai."

"Lakini kwa nini hukuniambia tangu mwanzo? Mimi mkeo!"

Akafumba macho. "Ulikuwa umeshawaambia jumuiya ni sala zako. Ulikuwa na furaha. Nikasema nikuachie."

Nilitoka nje nikakaa chini kwenye ngazi za wodi. Watu walinipa pole, walidhani nimefiwa.

Alipotoka hospitali nilipanda Kibosho, nikaenda ukingoni mwa kihamba chetu, shamba la ukoo, nikachuma jani la isale. Wa kwetu wanajua. Ukimkosea mtu hata kosa la damu, ukimpelekea isale, hawezi kukukatalia msamaha. Nikalifunga kwenye khanga, nikaenda Machame kuulizia nyumba kwa nyumba mpaka nikafika.

Nilimkuta anamkatia ng'ombe migomba. Alinitambua, akaweka panga chini.

"Shikamoo mama," nikasema, na magoti yakaenda chini yenyewe. Nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalipotea yote. Nikasema tu, "Sikuona kitu kwenye pipa. Nilidanganya."

Ng'ombe anatafuna, mimi nalia. Mwishowe akalipokea.

"Nimepokea," akasema. "Isale sina uwezo wa kuikataa, wala sitaki. Inuka, utachafua nguo."

Nikamwomba arudi Pasua. Nikamwambia nitaosha mapipa mwenyewe, nitamtafutia nyumba. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi nimekusamehe. Lakini uliponisema, ulinisema mbele ya mtaa mzima. Isale umeniletea huku mgombani, tuko mimi, wewe na ng'ombe."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kata. Akasimama mbele yangu, akaonja yeye kwanza, funda kubwa nililiona likishuka kooni, ndipo akanipa. Nikanywa. Ilikuwa tamu! Tamu ya ndizi na ulezi, basi, hakuna kingine. Nilikunywa yote mpaka kata ikawa tupu.

Nimejaribu kuipika nyumbani. Mama Aika alinielekeza, lakini mkono wangu si wake. Mara ya kwanza ilichachuka siku ya pili, ikawa pombe kabisa, nikaikimbiza mtaroni kabla baba watoto hajarudi. Mara ya pili hivyo hivyo. Alipofika jioni aliona sufuria imegeuzwa, akauliza taratibu, "Leo ipo?" Nikamwambia, "Imekwisha." Akaitikia, akachukua koti lake, akatoka. Alirudi anashika ukuta.

Wale wenzake tisa, watatu nawaona wamerudi kwenye vilabu vya chini huko. Wengine sijui. Wake zao wanakuja kupimwa nguo, wananisimulia shida zao wakiwa wameinua mikono, na mimi nashika futi yangu, nawapima tu.

Jumapili ijayo kuna mkutano wa mtaa. Baba watoto amenipa ruhusa niseme yote, na habari zake yeye pia. Alisema hivyo akiwa mzima, asubuhi, akishika chai kwa mkono wa kushoto. Nimeandika hapa kwanza, bila jina, ili nione kama naweza kuyatoa. Ninyi mnaosoma mtajua mimi ni mwoga. Na ni kweli. Yule mama alipotezewa jina lake mbele ya watu, na mimi langu bado nalificha.

Wewe mwenzangu unayekaa kibarazani ukiwatazama majirani, sikukatazi, macho ni yako. Lakini kabla hujamwambia mtu wa pili, vuka barabara ukapige hodi kama Bi Zuhura alivyoniambia. Juzi nilisimama kwenye cherehani yangu nikatembea mpaka ule mlango wa bluu, ambao sasa una kufuli. Ni hatua kumi na tisa. Mwaka mzima nilikuwa napima viuno vya watu, hizo sikuwahi kuzipima.